Kaseti Iliyomfikia Papa

Wiki tuliyomzika Papa, binti yangu alijifungia chumbani na simu yake, na kutoka chini ya mlango ikaja sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nikiwa na miaka tisa. Mtu alikuwa akipiga ukelele kama aliyekalia makaa ya moto, huku nyuma yake ngoma zinakimbia na magitaa yanavuma kama mvua kubwa juu ya mabati. Kifuniko cha sufuria kilinitoka mkononi. Niliposukuma mlango, mtoto alizima haraka, akidhani nimekuja kugomba juu ya kelele katika nyumba ya msiba.

"Ni muziki tu, mama," akasema. "Banaiitaka black metal. Weye hauwezi kuelewa."

Niliketi kitandani kwake. Muziki ule niliuelewa kabla babake hajaota ndevu. Niliuelewa vibaya, ndilo tatizo.

Siku ya maziko, mzee wa kanisa aliyetoa neno alisema Papa alikuwa mtu mpole ambaye vita vilimgusa kichwa, na waombolezaji wote wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi pia nilitikisa changu. Katika mji mzima wa Goma nilikuwa mtu pekee aliyejua kwamba kichwa cha Papa hakikuwa na kasoro yoyote, na bado nilitikisa changu pamoja nao, kama nilivyofanya miaka yote.

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka kaseti. Mnakumbuka kuizungusha kwa kalamu ili kuokoa pile, betri za radio, na kuzianika hizo pile juani zilipochoka, ili zipate nguvu ya dakika kumi zaidi. Kwa wengine kaseti ilikuwa ya nyimbo. Kwetu ilikuwa barua. Papa hakujua kusoma, Mama hakujua kuandika, na kati yao kulikuwa na milima ya Masisi.

Papa alikuwa na ng'ombe kumi na wanne kule juu, na alitengeneza fromaji, zile jibini za duara ambazo Goma yote inazijua. Vurugu zilipoanza milimani, alitushusha mimi na Mama, akatupangia chumba cha mbao mtaa wa Mabanga, mjini Goma, kisha akageuka kurudi. Mama alimwomba abaki. "Ngombe hazipangake nyumba," alijibu, na hilo ndilo lilikuwa la mwisho. Lakini kabla ya kupanda, aliuza mtamba mmoja akanunua radio-kaseti mbili nyekundu, zinazofanana kama mapacha, moja yake na moja yetu.

Mambo yalikwenda hivi. Papa alisema maneno yake upande wa kwanza wa kaseti na kuacha upande wa pili kwa ajili yetu. Kaseti ilishuka na Papa Kambale, dereva wa lori la viazi, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kimoja na fromaji, kwa hiyo sauti ya Papa ilifika na harufu yake, maziwa na moshi. Mama alijibu upande wa pili, kaseti ikapanda tena. Papa alipokuwa na mapya, aliyasema juu ya yale ya zamani, na ya zamani yakafutika. Kaseti ilikuwa moja tu. Barua ikishajibiwa, ya nini kuitunza?

Mimi ndiye niliyetaka kuitunza. Papa alianza kila mara na ng'ombe, maana kwetu mtu wa ng'ombe anasalimia ng'ombe kwanza na watu baadaye. Gaju amezaa. Bihogo anachechemea lakini anakula vizuri. Kisha habari za mvua, kisha Mama, na mwisho kabisa alisema, "Sasa ya Sifa," akapiga ule mluzi wake wa kuwaita ng'ombe jioni, mrefu, unaopanda halafu unavunjika katikati. Mluzi huo ulikuwa wangu. Nilikuwa nao siku tatu au nne, mpaka Papa Kambale apige honi tena, halafu unaondoka. Nililia kila kaseti ilipoondoka, na Mama aliniambia mtoto wa miaka tisa hamlilii mtu aliye hai.

Sikuwa na mtu mwingine. Wakimbizi walikuwa wameingia mjini kwa maelfu, shule yetu ilijaa familia zilizolala juu ya madawati, na kipindupindu kilipokuja, watoto wa jirani walikatazwa kucheza nje. Kando ya barabara niliona mikeka iliyokunjwa, na miguu ikitokeza mwishoni. Mama alipata kazi ya kufua kwa mzungu mmoja huko mtaa wa Murara, nami nikamfuata kila siku kama mkia. Tulimwita Muzungu wa Maji, kwa sababu aliongoza malori ya maji kwenda kambini. Alikuwa kijana mrefu mwenye nywele ndefu za kike, aliyerudi alasiri na buti nyeusi kwa vumbi, akaacha chakula kipoe, akaketi barazani na kuweka kaseti.

Ilikuwa kaseti hiyo hiyo kila siku. Karatasi yake ilikuwa fotokopi, nyeusi na nyeupe. Mbele kulikuwa na msitu uliofunikwa na kitu cheupe nilichodhani ni majivu ya volkano, na nikashangaa kwamba kwao pia kuna volkano. Nyuma kulikuwa na watu wawili, kila mmoja kwenye picha yake, nyuso zimepakwa nyeupe, macho yamezungushiwa weusi. Mama alizitazama mara moja akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye sabuni.

Kwangu hao walikuwa watu wenye msiba. Nilimuuliza mzungu, "Ni nani alikufa kwabo?"

Alicheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. "Hakuna. Ni muziki tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Kundi mbili. Hii, upande hii. Ingine, upande ingine. Hapana onana, hata siku moja. Natumiana kaseti kwa posta."

Basi nikaelewa kila kitu! Watu wawili wanaoishi mbali, hawaonani, mmoja anasema upande wa kwanza, mwenzake anajibu upande wa pili. Nani asiyeijua kaseti ya namna hiyo? Tangu siku hiyo nilikaa kwenye ngazi nikawasikiliza kwa adabu. Wa kwanza alilia haraka haraka, hana nafasi ya kupumua, kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Wa pili alijibu polepole, sauti imekauka, kama mtu ambaye habari hiyo alikuwa nayo siku nyingi. Mzungu alisema hawalii, wanaimba. Nilimwona kama mtoto asiyeelewa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini wamejipaka kama maiti. Aligeuzageuza ile karatasi ya kaseti, nikadhani hakunielewa.

"Kwetu watu wanakufa kidogo, hapana kama hapa," alisema mwishoni. Halafu akatazama buti zake, akaongeza sauti ya radio. Leo mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye, na najua alikuwa mpweke kunishinda. Siku zile nilijua tu kwamba tunasikiliza pamoja, mimi kwenye ngazi na yeye kwenye kiti, na kwamba alasiri zilipita.

Kisha vita vikaja mjini penyewe. Asubuhi moja gari lilisimama kwake, akatoka na begi moja, akampa Mama sabuni na sufuria, akanishika kichwa, akaenda. Kaseti ilibaki dirishani. Niliitia ndani ya gauni. Sikuiba, nilijiambia, nimeokota barua za watu ili zisipotee.

Milio ya risasi ilipopungua na lori la Papa Kambale likaweza kushuka tena, ilikuja kaseti ya Papa ambayo haikuwa kama zingine. Alisalimia ng'ombe, ndiyo, lakini kwa haraka. Alisema watu wenye silaha wanapita kila wiki, majirani wameanza kuhama, na yeye hajui afanye nini. "Mama Sifa, neno liko kwako," alisema. "Ukisema nikuye, nitaacha vyote nikuye. Ukisema nibaki, nitabaki." Baada ya hapo akapiga mluzi wangu, mara mbili badala ya moja.

Mama hakulala vizuri. Kesho yake alianika pile juu ya bati, akaoga, akajifunga kitambaa cha kichwa kama mtu anayekwenda misa, akafunga mlango na kujibu. Nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake. Aliulizia ng'ombe kwanza. Halafu akasema, "Usikuye. Mu barabara banashusha banaume ku malori, na benye kushushwa habarudi. Bakia kule, chunga ngombe. Siye tuko muzima. Hakuna mutu analia hapa." Akabonyeza kuzima, akafuta uso kwa kile kitambaa.

Kaseti akanipa mimi niifunge na kumpelekea Papa Kambale asubuhi. Hapo ndipo shetani wa kitoto aliponiingia. Mluzi mara mbili! Na niufunge kwenye tambara, uende ukafutwe? Nikatafuta njia ambayo kila mtu angepata chake. Ningebaki na kaseti ya Papa. Yeye ningempelekea ile ya mzungu, na maneno ya Mama ningeyasema mwenyewe mwanzoni, neno kwa neno, maana nilikuwa nimeyashika yote. Baada yangu wale watu wawili wangeendelea kuzungumza, na Papa angekuwa na watu wa kumsindikiza jioni kule mlimani. Nilijiona mtoto mwenye akili na huruma. Meno ya nyuma ya kaseti hiyo yalikuwa yamevunjwa ili isirekodiwe, lakini nani kati yetu hakujua dawa yake? Nilitafuna karatasi, nikaziba vitundu.

Asubuhi Mama alipokwenda kuchota maji, niliweka kaseti, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama alivyofanya yeye, nikaanza. "Papa, ni miye Sifa. Mama anasema—"

Bidoni ya Mama, dumu lake la maji, iligonga mawe nje ya mlango. Nilizima, nikaitoa. Wakati huo huo honi ya Papa Kambale ikalia barabarani, mara moja, mara ya pili, na Mama akaingia akisema, "Bado uko hapa? Kimbia!" Nilifunga kaseti iliyokuwa mkononi mwangu na nikakimbia nayo.

Siku ya tisa Papa alisimama uani. Alikuwa amekuja kwa miguu, njia za msituni, na alipofika kwenye bariyeri ya mwisho askari walimvua koti, wakachukua radio na kaseti iliyokuwa ndani yake. Miguu ilikuwa imevimba mpaka vidole havionekani. Mama alikuwa akianika nguo. Papa alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama Mama tena, kama anayetuhesabu.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

"Hakuna mutu alikufa," Mama akasema. Kibanio cha nguo kilikuwa bado mdomoni mwake. "Ngombe ziko wapi?"

"Niliacha. Niliwasikia munalia."

"Nani alilia? Nilikuambia usikuye! Nilikuambia kwa kinywa yangu!"

"Mutoto alisema, 'Mama anasema.' Halafu munalia. Munalia, Mama Sifa, kaseti muzima. Hata upande ingine munalia."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, na niliona hasira ikimtoka na hofu ikiingia. Mwaka huo watu wengi walisikia mambo. Kulikuwa na mwanamke wa Majengo aliyesikia mtoto wake aliyekufa akiita kila asubuhi, akaenda kumfungulia mlango. Mama alidhani hilo ndilo limetufikia. Alimshika Papa mkono taratibu, akamkalisha, akaniambia nilete maji ya moto na chumvi kwa ajili ya miguu. Papa aligeuza uso kwangu. "Sifa, weye ulisema mu kaseti?"

Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nimeiba, na ng'ombe kumi na watatu na ndama wao walikuwa peke yao mlimani kwa sababu yangu. Nilisema, "Hapana, Papa." Nikaenda kuleta maji.

Ng'ombe walichukuliwa mwezi huo huo. Mlima wetu ulichomwa baadaye, na wengi waliobaki hawakusalimika. Najua basi kwamba huenda uongo wangu ulimwokoa, na kuna usiku nimejifariji kwa hilo. Lakini Papa aliyebaki Mabanga hakuwa yule wa kwenye kaseti. Aliamini tulichomwambia. Aliamini masikio yake yameharibika, na mtu asiyeamini masikio yake haongei sana. Radio yetu nyekundu iliuzwa, naye hakutaka nyingine. Bati likilia kwa upepo, alituuliza kwa aibu, "Na nyie munasikia?" Mama alimjibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgonjwa, na upole huo ulimmaliza kuliko matusi. Chini ya upole Mama alikuwa na donge lake, kwamba alimwambia abaki na hakumtii. Miaka yote hawakugombana. Walipeana chumvi mezani kama wageni. Na mluzi, sikuusikia tena hata mara moja.

Nilikuwa na neno moja la kuwapa, nikalikalia. Mwanzoni niliogopa kipigo. Baadaye, nilipokuwa na umri wa kutopigwa, niliogopa macho ya Papa. Mwisho nilikuwa nimezoea tu, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa. Kaseti yake niliificha kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Volkano iliposhuka mjini, kila mtu alibeba alichoona kina maana, mimi nilibeba mkebe na kusahau viatu. Sikuwahi kuisikiliza. Nilihangaika vile ili nibaki na sauti yake, na nyumbani kwetu alikuwepo yeye mwenyewe, amekaa mlangoni, hana sauti.

Siku ya tatu baada ya ukelele ule wa simu, nilimkuta fundi wa radio ambaye bado anayo mashine ya kaseti, nikaiazima, nikaenda kwa Mama. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa kitandani, miguu chini, bado na kitambaa cheusi cha msiba. Niliweka mashine kwenye kiti bila maelezo, maana ningeanza kueleza, nisingemaliza.

Papa akasalimia ng'ombe. Mama alifunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Gaju, Bihogo, neno liko kwako Mama Sifa, halafu mluzi, mara mbili. Sikuusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Niligeuza kaseti. Mwanamke kijana akatuambia kwamba wanaume wanashushwa barabarani, abaki kule, achunge ng'ombe, hakuna mtu analia hapa.

"Hiyi," Mama akasema, "haikufikaka?"

"Haikufika, Mama. Ni miye niliibakisha. Nilimutumia ile ya Muzungu wa Maji." Nikamwambia yote, karatasi niliyotafuna, bidoni, honi, na swali aliloniuliza Papa nikakana.

Hakunipiga. Hakuniambia pole wala laana. Alikaa akipangusa goti lake kwa kiganja, kana kwamba kuna unga umemwagika hapo.

"Basi alisikiaka kweli," akasema.

"Alisikia kweli."

"Siku mingi mu pori. Anaacha ngombe. Juu ya kusikia tunalia." Akatingisha kichwa. "Na miye nilimupatia chumvi na maji, kama mwenda wazimu." Akaniangalia. "Ilikuwa inalia namna gani? Fanya. Nisikie kile alisikia."

"Mama, hiyo sauti—"

"Fanya, nasema."

Nilisimama katikati ya chumba, mwanamke mzima, mama wa watoto, nikavuta pumzi. Kwanza nikasema yale maneno machache, kwa sauti ndogo kadiri nilivyoweza. Papa, ni miye Sifa. Mama anasema. Halafu nikafungua mdomo na kulia kama yule mtu wa upande wa kwanza, kutoka tumboni, bila nafasi ya kupumua, mpaka koo likachanika. Sikuwa nimemlilia Papa kaburini. Nadhani nilimlilia hapo.

Niliponyamaza, majirani walikuwa wakikimbia uani wakiuliza ni nani tena. Mama hakuwasikia. Alikuwa ameinama ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ukutani, mguu wake wa kizee ukipapasa chini ya kitanda haraka haraka, ukitafuta viatu, kama Papa siku alipotusikia.